Ng'ombe wa Chuo

Nyama ya msibani siili tena. Watu hunisukumia sahani, nawaambia tumbo langu bovu, tunaachana hapo. Ukweli ni kwamba nikiona vidole vya mtu mzima vinang'aa mafuta nakumbuka matanga fulani ya Nyambureti. Nitaeleza ilivyokuwa, pamoja na sehemu yangu mwenyewe, maana sehemu yangu ndiyo iliyoanzisha uchafu wote.

Niliacha shule darasa la sita. Hatukuwa na njaa nyumbani, na mwalimu hakuwa mkali kuliko walimu wengine. Kulikuwa na lori linakwenda Sirari, na nilitaka kuona mpaka wa nchi unafananaje. Nikauona, ni barabara ile ile na watu wanaopiga kelele. Tangu hapo sikuwahi kumaliza miaka mitatu mahali pamoja. Nimechoma mkaa, nimepakia ndizi, nimeponda mawe ya dhahabu Nyangoto. Pale Nyangoto ndipo jiwe liliponipasua mguu. Nikakidharau kidonda, nikaondoka nacho, nikazunguka nacho mpaka Serengeti kikiwa kinanuka hata mimi mwenyewe nageuza uso. Kwenye zahanati niliyoingia kulikuwa na nesi aliyekaribia kustaafu. Alikifungua, akakitazama, "Mura," akasema, ndivyo sisi Wakurya tunavyomwita kijana, "hiki umekuwa unakifuga?"

Alikisafisha wiki mbili. Nami nikawa namuuliza maswali: usaha unatengenezwa wapi, kwa nini dawa ya zambarau haiumi kama ile nyeupe, mtoto tumboni anapumuaje. Wagonjwa wenzangu walinichoka. Yeye hakuchoka. Alipostaafu alinichukua nikachunge ng'ombe wake nyumbani Nyambureti, na mimi ambaye hakuna kazi iliyowahi kunishika, nikashikika.

Alikuwa mjane na hakujaliwa mtoto. Ng'ombe wale aliwanunua kwa mshahara wake, mmoja mmoja, miaka yote ya kazi. Ndani ya chumba chake kulikuwa na kasha la bati lenye kadi za kliniki, zile za watoto za toleo la zamani, zilizobaki zahanati zilipoletwa mpya. Kila ng'ombe alikuwa na kadi. Mahali pa jina la mtoto aliandika rangi ya ng'ombe. Mahali pa chanjo aliandika chanjo. Kwenye mchoro wa uzito alitia nukta kwa kukisia, akaziunga kwa mstari. Na juu kabisa ya kila kadi, kwa kalamu nyekundu: CHUO.

Maana ndivyo alivyokuwa amepanga. Kundi lile lisomeshe wasichana wa kata zetu uuguzi na ukunga, mmoja akimaliza aingie mwingine. Wauzwe madume na majike tasa tu, mitamba wasiguswe. Akifa yeye, kundi liendelee kuzaa na wasichana waendelee kusoma. Nilimuuliza kwa nini asiweke fedha benki kama watu wenye akili.

"Fedha ya marehemu inaliwa na walio hai," alisema. "Ng'ombe anazaa. Mimi nimezalisha wanawake wa hapa peke yangu mpaka kiuno kimekufa, mura. Sitaki atakayekuja baada yangu naye awe peke yake."

Msichana wa kwanza alikuwa amempata tayari. Baba yake alikuwa Kerende, kule kwenye machimbo, lakini yeye aliishi kwa shangazi yake jirani na sisi, na alikuwa akijitolea zahanati kupanga faili na kufua mashuka ya wazazi. Alifaulu kidato cha nne. Barua ya kujiunga na chuo cha uuguzi ilipofika, nesi aliisoma kwa sauti mara mbili, kisha akaniambia nichambue ng'ombe sita: madume wanne na majike wawili tasa.

"Wapeleke mnadani Mugumu. Ada itatoka pale, iende chuoni moja kwa moja. Na unisikilize vizuri. Ng'ombe hawa wasilale kwa mtu yeyote."

Nilijua kwa nini. Mimi ni Mkurya, sikuhitaji kufafanuliwa. Kwetu ng'ombe akitoka nyumba moja akaingia boma la baba wa msichana, hakuna anayeuliza amekuja kufanya nini. Msichana ametoka. Na kama ng'ombe wametolewa na mwanamke asiye na mtoto wa kiume, basi msichana yule ameolewa na nyumba ya mwanamke huyo. Atazaa na mwanamume atakayechaguliwa, na watoto wataitwa wa mama mwenye ng'ombe, ili jina lisife. Nyumba ntobhu tunaiita. Wako waliotunzwa vizuri ndani yake kuliko walioolewa na wanaume, sitaki kudanganya. Lakini nesi aliambiwa maisha yake yote aoe hivyo, akakataa. Alisema anataka wasichana wasome, hataki wamzalie.

Nilijua hayo yote, na bado nikawapeleka ng'ombe Kerende.

Nilikuwa na sababu nzuri. Watu wa aina yangu hatukosi sababu nzuri. Nilisikia kwamba mnada wa upande wa machimbo, madume wanashindaniwa. Na nilikuwa nimesikia pia kuwa Nyangoto wameleta mashine mpya ya kusaga mawe, nikatamani kuiona inavyofanya kazi. Hiyo ya pili ndiyo iliyonivusha Mto Mara. Nilifika Kerende siku tatu kabla ya mnada, na sikuwa na pa kuwaweka ng'ombe sita katika eneo ambalo ng'ombe hupotea hata ukiwa umewashika mkia. Nikamkumbuka baba wa msichana.

"Naomba wapumzike hapa, tata, mpaka siku ya mnada," nilimwambia, nikimwita baba kwa Kikurya.

"Karibu, mura. Boma ni lako."

Majirani walitoka kutazama. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Nilidhani kuna arusi mahali.

Nikaenda Nyangoto siku moja, ikawa tano. Mnada ulinipita nikiwa nimechuchumaa kando ya ile mashine, nikimsumbua fundi wake kwa maswali. Niliporudi boma lilikuwa wazi na kinyesi kimekauka. Baba wa msichana alikuwa amekaa kwenye kigoda, macho mekundu ya pombe, akilisukuma kwa ulimi jino lake lililolegea, mbele, nyuma, mbele, nyuma, huku akinitazama.

"Shikamoo, tata. Ng'ombe wako malishoni?"

"Marahaba. Ng'ombe gani?"

"Wale sita."

"Ah, wale. Wale wamekwenda kuoa. Kaka yake binti amepata mke juzi. Tulikuwekea nyama yako, ukachelewa, mbwa wakaichungulia."

"Wale ni wa ada, tata. Ada ya binti yako."

Alilisimamisha lile jino. "Ada inalala bomani siku tano? Ada inakunywa maji yangu? Ningeletewa karatasi ningejua ni ada. Mimi nimeletewa ng'ombe."

Sijui niseme lawama ile ilikuwa ya nani. Alikuwa baba mzima, ana binti aliyefaulu, anajua kabisa nesi ni nani na barua ya chuo imeshafika. Alijua. Nimelifikiria sana hilo na sina shaka. Lakini mlango aliopitia niliufungua mimi, tena niliufungua kwa sababu ya mashine.

Nilirudi Nyambureti mikono mitupu. Nesi alikuwa amelala, miguu imevimba, ameiinua juu ya mto. Nikamweleza bila kupunguza. Aliishusha miguu chini, mmoja mmoja.

"Umemuoza mtoto wa watu," alisema.

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Aliniagiza nimwite msichana, akamwambia mbele yangu kwamba yeye si mke wa mtu, kwamba Jumatatu tutakwenda kwa mtendaji wa kijiji kuandika hivyo, na kwamba ng'ombe wengine watauzwa, safari hii kwa njia aliyosema. Msichana aliitikia, "Sawa, mama." Kisha akampima presha kwa kile kipimo cha zamani cha nesi, akakisoma mara mbili, akanitazama.

Jumatatu hiyo tulimzika.

Ukoo wa marehemu mume wake ulikuja wote. Watu ambao sikuwahi kuwaona wakimletea hata kuni walikuja na mikeka, vyungu na sauti. Aliyeongoza alikuwa shemeji yake, mzee nadhifu, shati limepigwa pasi, anatoa nyama kwenye meno kwa kijiti halafu anakiangalia kijiti. Siku ya kwanza walichinja mtamba. Nikasema hao hawachinjwi, wana kadi. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Mura, ng'ombe ana kadi? Alikuwa anahudhuria kliniki?"

"Na mume wake alipimwa?" akadakia mwingine.

Siku ya pili wakachinja mwingine, na sahani zikawa hazitoshi. Hapo ndipo nilipoona mtu katoka chumbani na lile kasha la bati. Waligawana kadi. Waliwekea nyama juu yake, wakakunja kadi kushikia mifupa ya moto, wakafutia vidole. Mafuta yaliingia kwenye karatasi na wino mwekundu ukaanza kutembea. Shemeji alikula ini juu ya kadi ya jike mwekundu mwenye doa, yule aliyekuwa na mimba, akaipindua, akafutia mdomo upande wa chanjo, akaitupa. Kuku wakaja kuidonoa. Mimi nimelala kwenye mashimo, nimekula nilichookota, nimeishi na kidonda chenye funza. Sijawahi kuona kitu kilichonichafua kama mdomo ule.

Mtendaji alipopita kutoa pole nilimfuata nje, nikamweleza habari ya msichana na chuo. Alinisikiliza vizuri tu. "Haya ni mambo ya mila," alisema. "Malizeni nyumbani. Mkishindwa, njooni ofisini." Aliondoka na paja limefungwa kwenye gazeti.

Siku ya tatu wazee walikaa kugawa mirathi. Msichana aliitwa, akaja na shangazi yake, wakakaa chini upande wa wanawake. Shemeji alisema kwa upole, kama mtu anayetoa zawadi. Nyumba ya mke wa ndugu yao haitazimika. Marehemu, Mungu amrehemu, aliona mbali, alitoa ng'ombe kabla hajafa na mke amepatikana. Kijana wake yeye shemeji atakuwa anamtembelea, ili damu isitoke nje. Ng'ombe waliobaki, kwa kuwa mke bado mdogo, watatunzwa na ndugu.

"Watatunzwa" alilisema taratibu, na wenzake wakatikisa vichwa kwa utulivu wa watu walioshiba.

Nikasimama. Sikuwa na haki ya kusimama pale, ila nilisimama. Nikasema ng'ombe wale niliwapeleka mimi, walikuwa wanakwenda kuuzwa kwa ajili ya ada, na kosa la kuwalaza ni langu. Nikasema na ushahidi upo: madume wanne na majike wawili tasa. Mwenye kuoa hupeleka mitamba. Nani anaoa kwa ng'ombe tasa?

"Wewe mama yako alitolewa ng'ombe gani," shemeji aliuliza, "mpaka akazaa mtu asiyekaa mahali?"

Walicheka. Nami nilibaki nimesimama na kicheko chao kikinitiririkia kama maji ya kuoshea utumbo.

"Kama si mahari," akasema mzee mwingine, "ng'ombe zirudi. Zikirudi bomani kesho, binti yuko huru. Sisi si watu wabaya."

Alijua hawarudi. Ng'ombe wale walikuwa wamekwisha kuoa mke wa kaka, na kuwarudisha ilikuwa kumrudisha msichana mwingine kwao. Kila mtu pale alijua. Ndiyo maana walisema kwa ukarimu.

Msichana alimwangalia shangazi yake, kisha akainua mkono, kama darasani.

"Tata, naomba kuuliza. Mimi ni mke wa nyumba hii?"

"Ndiyo, binti. Kimila ni mke."

"Aliyenioa ni marehemu?"

"Ni yeye. Nyumba yake."

"Kwa hiyo mimi ni mjane."

Kikapita kitu kama kucheka upande wa wanawake, kikakatika. Shemeji alisema ndiyo, ukitaka kuita hivyo.

"Ng'ombe wa nyumba ya mjane hutunzwa na nani?"

Nilikuwa bado nimesimama, nikaona kijiti kimetulia mdomoni mwa shemeji. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa mwanamume hivi hivi, huwekwa kwenye nyumba ya mke. Nyumba hii na ile, hata za mume mmoja, ng'ombe wao hawachanganywi. Ndugu akichukua ng'ombe wa nyumba yenye mke aliye hai, hata watoto wadogo humcheka.

"Wewe bado mdogo," alisema.

"Umri wa kuolewa nimefika, wa kushika kamba ya ng'ombe sijafika?"

Bibi mmoja mzee sana, mke wa marehemu kaka yao mkubwa, aliyekuwa amesinzia tangu asubuhi, akafungua macho. "Mmemwoa wenyewe," alisema. "Sasa mnataka kumla na ng'ombe zake? Chagueni kimoja."

Walibishana mpaka jua likageuka. Mara si mke, ni mchumba tu. Msichana akasema kama ni mchumba basi hajaolewa, aende zake chuoni. Mara ni mke, lakini lazima azae kwanza. Akasema atazaa, nyumba itapata mtoto, ila mume ni wa kuchaguliwa na mwenye nyumba, na mwenye nyumba sasa ni yeye, na yeye bado anachagua. Hakupandisha sauti. Kila walipofunga tundu moja walijikuta wamefungua jingine, maana mila waliyokuwa wameishika kama fimbo ilikuwa na ncha mbili na hawakuwa wameiangalia ncha ya pili kwa sababu hakuna msichana aliyewahi kuwaonyesha.

Mwishowe wakakubali, lakini kwa bei yao. Lazima apokewe. Wakamkalisha mlangoni kwa nesi, wakampa pombe ya mtama kwenye kibuyu walichokinywea wote tangu juzi, kingo zake zina utando wa midomo na mafuta. Shemeji alimshikia kibuyu. Akanywa mpaka waliposema basi. Wakamwita mke wetu. Akaitika. Mzee mmoja akampapasa mgongo, chini kidogo kuliko mgongo, akasema ana kiuno cha kuzaa. Akaitika hata hapo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akitapika, ameshika ukuta. Nikampelekea maji. Akasukutua, akatema, akasukutua tena, akajifuta kwa kiganja.

"Kadi ziko wapi, kaka?" aliuliza.

Niliokota zilizookoteka. Nyingi hazikusomeka. Zilizobaki tuliziandika upya kwenye daftari, mimi nikikumbuka rangi na uzao, yeye akiandika. Kwenye jalada aliandika CHUO kwa kalamu nyekundu ile ile.

Nilisema uchafu huu ulianza na mimi. Kuna siku hujiambia kwamba mambo yameisha vizuri, msichana yuko chuo mwaka wa pili, mimi niko kwa ng'ombe na sijaondoka. Halafu nakumbuka kile kibuyu. Alistahili kwenda chuo kwa barua ile, amebeba begi lake tu. Alikwenda akiwa mke wa maiti, na aliyemfanya hivyo ni mimi. Kijana wa shemeji humpigia simu kumwuliza atarudi lini. Shemeji mwenyewe, kwenye changizo la kanisa mwaka jana, alisimama na shati lake la pasi akasema ukoo wao unasomesha wauguzi, watu wa kata wawaombee. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu, ambaye nesi alimzalisha watoto watano, naye alipiga makofi.

Wiki iliyopita ada ilifika tena. Nilichambua madume watatu alfajiri, nikawapeleka Mugumu kwa njia ya moja kwa moja, sikusimama hata kwa mtu aliyenikaribisha maji. Shemeji alikuwepo mnadani. Aliwapigapiga madume matakoni mbele ya wanunuzi kama vile ni yeye aliyewalea, akapokea pongezi za watu kwa mikono miwili. Nilimwamkia, akaitikia. Waliponunuliwa nikanawa mikono kwa sabuni pale kwenye bomba la wachinjaji, ingawa sikuwa nimeshika nyama.

Kisha nikampigia msichana. Kulikuwa na kelele za wodi nyuma yake.

"Umewauza wapi, kaka?"

"Mnadani."

"Hawakulala kwa mtu?"

"Hawakulala kwa mtu," nilisema, na yeye akasema sawa, kuna mama anasukuma, akakata.